Thumni ya Odilia

Odilia Wasinger ni kinyozi, na katika mji wetu wa Marienfeld, magharibi mwa Kansas, kinyozi hupata habari za mafuta kabla ya benki. Mwenye shamba akitembelewa Jumatatu na mtu wa kukodi ardhi ya kuchimba mafuta, Jumanne atakuja kupunguza nywele hata kama alizipunguza wiki iliyopita. Atakaa kitini, atafunikwa shuka, atazungumzia upepo, kisha ngano, kisha atasema kama mtu asiyejali, "Nasikia kule kwa binamu yangu wameshusha bomba."

Hayo maneno mawili ya mwisho yanatosha. Kisima kikionyesha dalili nzuri hushushwa bomba la chuma hadi chini na kuzungushiwa saruji. Kikiwa kikavu huzibwa, udongo wa juu hurudishwa, na mwaka unaofuata ngano huota pale kana kwamba hakuna aliyepita. Kwa hiyo anayekwambia wameshusha bomba amemaliza habari yote, kilichobaki ni kumtengeneza ndevu.

Odilia alirithi duka la kunyolea kutoka kwa baba yake, pamoja na ugonjwa wa mzee huyo. Katika miaka thelathini na minne amenunua sehemu katika visima thelathini na moja, sehemu ndogo ndogo, mara moja ya thelathini na mbili ya kisima, mara moja ya kumi na sita. Ishirini na mbili vilikuwa vikavu. Saba vilirudisha gharama na kubakiza kitu cha sikukuu. Viwili vilimjengea nyumba ya matofali na kumpeleka Ureno, ambako alikaa siku tisa na kurudi akiwalalamikia samaki. Hakuolewa. "Wanaume nimewaona utosini tu," huniambia, "na ukiwatazama kutoka juu hawavutii."

Nilipanga chumba juu ya duka lake kwa wiki mbili, nikiwa njiani kwenda kwingine. Huu ni mwaka wa tisa. Nimewahi kuishi katika miji ambako watu hununua hisa za makampuni wasiyojua hata yako nchi gani. Hapa unanunua shimo unaloweza kulifikia kwa gari kabla kahawa haijapoa, ukasimama kando yake na kutazama fedha zako zikishuka ardhini futi kwa futi. Nimegundua kwamba hilo huwafurahisha watu zaidi kuliko faida.

Anayeendesha mambo hayo ni Delmar Rohr. Kampuni yake ni yeye mwenyewe, mke wake anayepokea simu, na pikapu ambayo rangi yake halisi hakuna anayeikumbuka. Delmar hukodi ardhi, hupima kilichoko chini kwa mitetemo, hupigilia kigingi mahali pa kuchimba, kisha hukata kisima katika sehemu nane kama keki na kutafuta walaji. Si mjanja. Kabla hujatia sahihi hukutazama machoni na kusema, "Hizi hela zihesabu zimeungua. Kukitokea kitu, umepewa zawadi."

Odilia alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja miaka yote hiyo: hakumwingiza mtu. Ukimwuliza kuhusu kisima fulani alikuwa akikuambia uinamishe kichwa. Lakini mwaka mmoja bei ya mafuta ilipanda hadi watu wakaanza kuizungumzia kanisani, na Delmar alipotangaza kisima kwenye shamba la Ervin Billinger, Odilia alichukua thumni nzima, sehemu moja kati ya zile nane, akakuta ni kubwa kuliko mkoba wake. Wateja wake watano walikuwa wamemsumbua majira yote ya baridi. Akawagawia. Yeye na wao wakawa sita, kila mmoja kwa dola elfu tano na kitu, na thumni ikabaki kwa jina lake.

Wa kwanza alikuwa Linus Gabel, aliyestaafu kwenye ghala la nafaka na asiyependa kitu chochote. Wa pili Rosalia Leiker, mwalimu wa zamani aliyefundisha hesabu nusu ya mji na kuwakatisha tamaa nusu hiyohiyo. Ndugu wawili wa Sander, Werner na Wendelin, wenye bucha. Na Anselm, mchimba makaburi wa parokia, aliyesema anataka kuona wenzake wanavyofanya kazi hiyo kwa mashine.

"Kupoteza zangu nimezoea," Odilia aliniambia jioni ile alipotia sahihi. "Lakini Linus nitamnyoa kila Ijumaa ya pili hadi mmoja wetu azikwe. Zake zikipotea, nitazungumza naye nini? Upepo?"

Hilo ndilo lililomkaa moyoni. Watano wale walikuwa kama nguzo za duka. Wakihama, wangehama na ndugu zao, na mjini kwetu kila mtu ni ndugu ya mtu.

Kosa lilitokea mwezi Machi, mchana, mbele ya macho yangu, na halikufanana na kosa. Ervin Billinger, mwenye shamba, alikuwa kitini chini ya shuka, nusu ya nywele zimekatwa. Simu ikalia. Odilia akaibana kati ya sikio na bega, akaendelea kukata.

"Odilia," ilisema sauti ya Delmar, na Delmar huongea kwenye simu kama mtu aliye ng'ambo ya mto, kwa hiyo sote tulisikia, "Ervin anataka kigingi kisogezwe. Kimeangukia juu ya tuta la baba yake."

Tuta lile la kuzuia maji yasile udongo lilijengwa na mzee Billinger kwa nyumbu wawili na koleo. Ervin alikodoa macho kwenye kioo.

"Kisogezwe kiasi gani?"

"Hatua arobaini kuelekea magharibi. Lorna, mwanajiolojia wangu, hapendi. Anasema kilima chenyewe cha mwamba huko chini ni kidogo kama kofia, hataki kusogea hata kidogo. Lakini hawezi kuapia hilo. Washirika wengine wanasema ukikubali wewe, wamekubali."

Walisema hivyo kwa sababu Odilia ndiye aliyekuwa na visima vikavu vingi kuliko wote, na kwetu huo ndio uzoefu.

Odilia alimtazama Ervin kwenye kioo. Ervin naye alikuwa akimtazama. Odilia angemkatalia vipi mtu ambaye sikio lake limo kati ya makali ya mkasi wake?

"Mafuta hayajui matuta," alisema. "Sogezeni."

Ervin alimwachia dola kumi za ziada, akaaibika, akarudi kuchukua tano.

Mtambo ulifika wiki ya pili ya Aprili. Siku tano ulinguruma kule shambani, na siku tano wale washirika watano waliendesha magari kwenda kuutazama. Werner na Wendelin walikwenda kwa zamu ili bucha isifungwe. Rosalia alijifunza majina ya miamba na kuanza kumsahihisha Delmar. Anselm alisimama mbali na kutikisa kichwa.

"Mimi nachimba futi sita tu," alimwambia mmoja wa wachimbaji, "na sijawahi kukosa kitu cha kutia ndani."

Alhamisi asubuhi, kwenye futi elfu tatu mia sita na zaidi, walifika kwenye mwamba uliokuwa ukitafutwa. Lorna Kuhn, mwanajiolojia, alikuwa kwenye kitrela chake kando ya mtambo, macho kwenye hadubini, akichambua chembe za mawe zilizopanda na tope. Odilia aliingia na kikapu cha birok, yale maandazi ya kabeji na nyama ambayo hakuna kisima wala msiba unaofanyika bila yake mjini kwetu. Mimi nilibeba chupa ya kahawa.

"Zinanukia mafuta," Lorna alisema bila kugeuka. "Nikiziweka chini ya taa ya zambarau zinang'aa manjano. Chache."

"Na mwamba?"

"Umekuja chini. Futi kumi na moja chini kuliko kisima kizuri cha jirani."

Odilia aliweka kikapu mezani polepole. Mafuta hukaa juu, maji hukaa chini, na kwenye vilima vidogo vya huko kwetu futi kumi na moja humtoa mtu kwenye mafuta na kumtia kwenye maji.

"Na pale kwenye kigingi cha kwanza?"

Lorna sasa aligeuka. Ni mwanamke mpole asiyejua kudanganya, jambo linalomnyima kazi nyingi. "Pale tungekuwa juu zaidi. Kiasi gani sijui. Juu zaidi."

Kilichofuata ni kipimo cha ndoo, na kama hujawahi kukiona utadhani watu wamerukwa na akili. Chombo hushushwa hadi kwenye mwamba na kufunguliwa, mwamba hupumua, na pumzi hiyo hupanda ndani ya chuma chote kile na kutokea kwenye mpira mwembamba uliotumbukizwa katika ndoo ya maji. Mashine ya mamilioni, na mwisho wake ni ndoo ya rangi ya ukutani iliyosuguliwa. Kisima kizuri huifanya ichemke kama sufuria ya viazi. Tulisimama duara kuizunguka: Odilia, washirika wake watano wakiwa na makoti ya Jumapili, Ervin mwenye shamba, Delmar, na mimi. Upepo ulikuwa ukivuta kofia.

"Hayo ni mapovu?" aliuliza Rosalia.

"Ni mapovu, mwalimu," Delmar alisema.

"Mengi au machache?"

"Machache."

"Mjukuu wangu akioga hutoa zaidi ya hayo," Linus alisema.

"Nyamaza, unayatisha," Wendelin akamwambia.

Baada ya dakika kumi na mbili maji yalitulia. Rosalia aliinama akatazama ndani ya ndoo kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama daftari zao, wanasema wanafunzi wake, kabla ya kusema jambo baya.

Chuma kilipovutwa juu, kilikuwa na futi ishirini za tope lenye madoa ya mafuta, na chini yake maji ya chumvi. Delmar alijifuta mikono, akawaeleza mambo mawili yaliyopo. Kuziba, na kila mtu arudi nyumbani na alichobakiwa nacho. Au kushusha bomba, na kila mmoja wa wale sita atoe elfu nne nyingine. "Pengine mapipa mawili matatu kwa siku na maji mengi. Pengine maji tu. Mtambo unalipiwa kwa saa, kwa hiyo nataka jibu kabla ya saa nane." Washirika wa mbali alikuwa ameshawapigia. Thumni tatu zilisema bomba, thumni tatu zilisema wazibe. Delmar mwenyewe ana thumni yake, na desturi yake ni kufuata walio wengi. Ilibaki ya Odilia.

Watano wote walimgeukia.

"Sisi tuko nyuma yako," Rosalia alisema. "Tufanye nini?"

"Ukisema bomba," Linus alisema, na nilishangaa kumwona ameshatoa kitabu cha hundi, "naandika hapa hapa kwenye boneti. Sijafika hadi hapa kwa ajili ya tope."

Nijuavyo mimi, Odilia alikuwa hajawahi kuona doa la mafuta asiseme bomba. Huo ndio udhaifu wake, na hana aibu nao. Na hapa neno hilo lingemfaa mara mbili. Wangelipa, wangesubiri wiki sita, na matumaini yangewaweka kitini pake hadi mavuno. Baadaye, kisima kikitoa maji, lawama ingekuwa ya mwamba. Pale shambani hatua arobaini zilijulikana na Delmar na Lorna, ambao hawasemi mambo ya washirika, na Ervin, ambaye hasemi kabisa, na mimi, mpangaji wake.

"Lorna," aliuliza, "zingekuwa hela zako?"

"Ningeziba nikaenda kula," Lorna alisema.

Odilia alivua glavu. Akazitia mfukoni, akazitoa, akazishika mkononi.

"Kuna jambo hamkuambiwa," alisema. "Kigingi hakikuwa hapa. Kilikuwa kule, juu ya tuta. Delmar aliniuliza mimi kwa sababu jina ni langu. Lorna hakupenda. Nikasema kisogezwe, na sikuwauliza ninyi. Kule tungekuwa juu zaidi."

Wote walitazama tuta. Liko karibu sana. Unaweza kulirushia kofia.

"Hatua ngapi?" Werner aliuliza.

"Arobaini."

"Kwa nini?"

Ervin Billinger alikuwa akichunguza viatu vyake kama mtu anayetaka kuvinunua.

"Kwa hiyo tumesimama kwenye upepo huu," Linus alisema, "kwa sababu ya lile tuta."

"Kwa sababu yangu. Tuta halikusema ndiyo." Akamgeukia Delmar. "Zibeni. Hizi elfu nne wasizitoe kwa ajili ya uso wangu."

"Una hakika?" Delmar aliuliza.

"Sina. Zibeni."

Linus alirudisha kitabu cha hundi mfukoni. Alikuwa ameshika birok mkononi, ameimega upande mmoja tu. Alitembea hadi kwenye kikapu, akairudisha ndani, akaenda kwenye gari lake. Anselm alivua kofia. Miaka yote niliyokaa Marienfeld nimeona watu wakipigana ngumi nje ya baa, nimeona ndugu wakigawana shamba mahakamani, lakini sijawahi kumwona mtu akirudisha birok aliyokwisha kuiuma.

Shimo lilizibwa kabla ya jua kutua. Siku zilizofuata mji mzima ulijifunza kuhesabu. Odilia akipita kuelekea posta, alikuwepo mtu kizingitini akisema kwa sauti ya kutosha, "Thelathini na nane, thelathini na tisa..." Bucha ya Sander ilimtoza soseji bei kamili, kwa mara ya kwanza. Rosalia alikuja Jumatatu, ingawa nywele zake hazikuwa zimeota kitu, akakaa, akanyolewa, na alipokuwa akivaa koti alisema, "Ulikosea, na kazi yako umeionyesha. Nilikuwa nikitoa nusu ya alama kwa hilo." Anselm alikuja siku ya pili yake kama kawaida, akalala usingizi kitini kama kawaida.

Ijumaa ya pili ikafika. Zamu ya Linus ni saa tatu asubuhi, na Linus hachelewi. Nilikuwa kwenye benchi na gazeti. Saa tatu ikapita. Saa tatu na robo. Odilia alifagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa, akapanga vitana kwa ukubwa, kisha akavipanga upya kuanzia mwisho.

"Soma basi," aliniambia, "unanikodolea macho."

Saa tatu na nusu mlango ukafunguliwa. Linus aliingia bila kuvua kofia, akakaa kitini, akaivua.

Odilia alikizunguka kile kiti mzunguko mzima. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimekatwa juu ya sikio kama ngazi. Nyuma palikuwa na kipara cha ukubwa wa sarafu ambacho hakuzaliwa nacho.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Mtu mmoja kule mji mkubwa."

"Alitumia nini, mundu?"

"Alinipigia muziki," Linus alisema. "Alinipa na maji ya limau. Rekebisha."

"Siwezi kurudisha zilizokwenda."

"Hilo nimeshajifunza kwako. Rekebisha zilizobaki."

Alimfunika shuka. Akaanza na upande wa kushoto. Nilishikilia ukurasa uleule wa gazeti.

"Ungenyamaza," Linus alisema hatimaye, "tungelipa."

"Ndiyo."

"Na tungeulaani mwamba."

"Ndiyo."

"Mimi ningenyamaza."

"Najua, Linus. Nimekunyoa miaka thelathini."

Alikohoa, na kwa wanaomfahamu huko ni kucheka. Akajisogeza kitini.

"Delmar anasema atakirudia kile kilima, kule kwenye kigingi cha kwanza. Na Ervin kamwambia sasa achimbe hata sebuleni kwake akitaka."

"Nimesikia."

"Wewe umechukua?"

"Moja ya kumi na sita. Peke yangu."

"Nina elfu tano za—"

"Hapana."

"Hujui nilitaka kusema nini."

"Ulitaka kusema elfu tano. Nenda kwa Delmar mwenyewe. Mkewe atakupa karatasi, uisome yote, utie sahihi kwa jina lako. Wakitaka kusogeza kigingi watakupigia wewe, saa sita usiku kama wanataka, na wewe ndiye utakayejibu."

Linus alifikiri jambo hilo. Halikumpendeza, lakini hakuna linalompendeza.

"Na kikiwa kikavu?"

"Utakuja hapa kulalamika na mimi nitalalamika pamoja nawe. Hilo silitozi."

"Na kikitoa?"

Odilia alimshika utosi kwa vidole viwili, akamgeuza kichwa taratibu kuelekea mwanga wa dirisha ili aone vizuri uharibifu wa upande wa kushoto.

"Kikitoa," alisema, "utalalamikia bei."